Daraja la Kwanza Ambalo Kenya Haikulijenga

Daraja Mbili, mjini Kisii, huwa na soko Jumatatu na Alhamisi. Anayekufahamu hapa hakuulizi kama utakuja wiki hii. Anakuuliza utakuja siku ipi kati ya hizo mbili. Alhamisi ya Machi 20, 2003, kufikia saa kumi alasiri, mama yangu alikuwa amebakiza mikungu minne ya matoke. Wingu lilikuwa limeanza kutanda upande wa vilima vya Manga, kama ilivyo kawaida ya alasiri za Kisii, naye akanituma nimtafutie mkokoteni kabla mvua haijashuka. Nilikwenda, lakini sikufika mbali. Mlangoni mwa hoteli ya chai iliyokuwa ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamesongamana hadi nje. Ndani, juu ya kabati la maandazi, televisheni ndogo ilikuwa inaonyesha vijana wa Kenya wakicheza na India mjini Durban, Afrika Kusini. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi.

Mle hotelini mlikuwa na makanga, fundi viatu, wauza mitumba na walimu wawili waliokuwa wamekuja kununua mboga za chinsaga. Sidhani hata mmoja wetu alikuwa amewahi kushika bati la kriketi. Tulimtegemea mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kukata nyasi katika klabu moja ya Nairobi. Yeye ndiye aliyetueleza kwa nini huyu katoka na yule kabaki, na kwa nini mpira ukivuka kamba bila kugusa chini watu hupata mikimbio sita. Kijana mmoja akamuuliza mbona mchezo wenyewe ni mrefu hivi. Mzee akamjibu bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Huu ni mfupi, mwanangu. Huu ni wa siku moja. Kriketi yenyewe ni ya siku nne, na hiyo sisi hatuichezi."

Sikuukuta mwisho wa mechi. Mvua ilishuka, nikakumbuka mkokoteni, na nilipofika mama alikuwa ameshalowa pamoja na mikungu yake. Usiku tukasikia kwenye taarifa ya habari kwamba India, waliopata mikimbio 270 kwa wiketi nne, yaani wapigaji wao wanne tu wakiwa wametolewa, wametushinda kwa mikimbio 91. Sourav Ganguly alifunga 111 na hakutolewa. Kwa upande wetu nahodha Steve Tikolo alipigana peke yake hadi 56, wengine wakaanguka, Kenya ikaishia 179. Lakini maneno ya yule mzee ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu, na kila mara kriketi ya Kenya ilipozidi kuporomoka katika miaka iliyofuata, niliyakumbuka. Hiyo sisi hatuichezi.

Wasomaji waliozaliwa baada ya hapo wanahitaji kuelezwa tulikuwa wapi. Mwaka 1996, katika mji wa Pune nchini India, Kenya ikiongozwa na Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mwaka 1998 tukaishinda India nyumbani kwao, Gwalior. Kisha likaja lile Kombe la 2003. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, tukapewa pointi, na wapo wanaodai hadi leo kwamba hizo ndizo zilizotufikisha nusu fainali. Hao wamesahau Jumatatu ya Februari 24, uwanjani Nairobi Gymkhana, dhidi ya Sri Lanka waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996. Ndugu wawili ndio walioibeba Kenya siku hiyo. Kennedy Otieno Obuya alifungua zamu ya kupiga akapata 60, na Kenya ikafika 210. Kisha mdogo wake, Collins Obuya, kijana wa miaka 21, akaushika mpira. Aliurusha kwa kuuzungusha, ukawa ukigonga ardhi unageuka kando kama mtu aliyeitwa jina kutoka nyuma. Alirusha ova 10, kila ova mipira sita, akatoa wapigaji watano, akaachia mikimbio 24. Sri Lanka wakaisha kwa 157. Baadaye tukaifunga Bangladesh na Zimbabwe, na Kenya ikawa nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Testi, zile ndefu za kimataifa, kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hadi leo hakuna nyingine.

Ajabu ni kwamba ushindi ule wa Februari na kichapo kile cha Machi vyote viliangukia siku za soko letu. Pengine ndiyo maana katika kumbukumbu zangu kriketi hunukia ndizi.

Kiswahili kinalitumia neno daraja kwa mambo mawili: lile la kuvukia mto, na lile la kumpanga mtu au kitu kwa ubora wake. Soko letu lina neno hilo katika jina lake. Kriketi nayo ina daraja lake. Mechi inayohesabiwa kuwa ya daraja la kwanza lazima ipangiwe siku tatu au zaidi, na katika mashindano makubwa ya ndani ya nchi huwa nne. Kila timu ina wachezaji 11 na nafasi ya kupiga mara mbili. Siku moja huweza kuwa na ova 90 au zaidi. Katika mechi ya ova 50, mrushaji akimaliza ova zake 10 anakwenda kusimama mbali, hata kama wapigaji wanamwogopa. Katika mechi ya siku nne hakuna anayemzuia. Atarusha asubuhi, atarusha alasiri, na kesho yake atarudi. Mpira wenyewe unachakaa, na baada ya ova 80 timu inayorusha ina haki ya kudai mpya. Ardhi inakauka na kupasuka, kufikia siku ya tatu mpira wa kuzungusha unakuwa sumu. Mpigaji naye halazimiki kukimbizana na saa. Anaweza kukaa pale kwa saa tano, saa sita, akiacha mipira ya kando ipite na kuiheshimu mizuri, na jioni akaondoka akiwa hajatolewa, akalala, akarudi asubuhi kuendelea.

Hapo ndipo mchezaji wa kriketi anapotengenezwa, na nchi zilizofika mbali zililijua hilo mapema. Uingereza wana ligi ya majimbo yao tangu 1890. Australia wanagombania Sheffield Shield tangu 1892. India wana Ranji Trophy tangu 1934, na ni nadra mtu kuingia timu ya taifa ya mechi ndefu bila kuonekana huko. Msimu wa mashindano hayo huchukua miezi. Mchezaji anasafiri kutoka mji hadi mji, anashindwa hapa, anajirekebisha kule, na wachaguzi wanamtazama akiwa amechoka, kwa sababu mtu akichoka ndipo tabia yake halisi hujitokeza.

Kenya haijawahi kuwa na msimu kama huo. Na si kwamba mechi ndefu zilikuwa ngeni hapa nchini. Mwaka 1910, miaka mitano tu baada ya jeshi la kikoloni kuingia Gusii, maafisa wa serikali na walowezi walicheza mechi ya siku tatu, na mechi ile ikawa desturi yao. Mwaka 1933 ikaanza nyingine ya kila mwaka, Wazungu dhidi ya Wahindi. Mwafrika alikuwepo uwanjani siku zote hizo, akikata nyasi, akivuta rola, akibeba maji. Watoto wa wafanyakazi hao, na vijana wa mitaa iliyopakana na viwanja vya Nairobi, waliokota mipira iliyovuka ukuta, wakajifunza kwa kutazama. Ndiyo sababu timu yetu ya dhahabu ilikuwa ya familia chache: Steve Tikolo na kaka zake Tom na David, Maurice na Edward Odumbe, Martin na Tony Suji, na akina Obuya watatu, Kennedy, Collins na David. Odoyo, Ongondo, Otieno, Obuya, yote ya wachezaji wetu, ni majina ya Nyanza, majina ya majirani zetu. Lakini karibu wote mchezo waliupata Nairobi, kwenye viwanja vinavyohesabika kwa vidole: Gymkhana, Ruaraka, Sir Ali, Aga Khan, Simba Union. Mombasa walikuwa na Mombasa Sports Club. Ligi yenyewe ilikuwa hasa ya mechi za siku moja, za wikendi, baina ya klabu zilizoanzishwa na jamii za Wahindi. Klabu hizo zinastahili shukrani kuliko zinazopewa, kwa kuwa bila hizo hatungekuwa na chochote. Lakini klabu ya wikendi haiwezi kufanya kazi ya nchi nzima.

Baada ya 2003 mlango ulifunguka. Mapema 2004 Kenya ilialikwa kushiriki msimu wa Carib Beer Cup, mashindano ya daraja la kwanza ya Karibi. Hebu fikiria heshima hiyo. Nchi isiyo na msimu wake ikaazimwa msimu wa watu. Kwa majuma kadhaa vijana wetu walikuwa wakipambana katika mechi za siku nne na Barbados, Jamaika, Guyana, Trinidad na Tobago, na visiwa vya Leeward na Windward. Barbados ndio waliotwaa ubingwa. Wenzetu hawakwenda kutafuta kombe. Walikwenda shule. Walijifunza kwamba mrushaji anayekutisha Jumamosi bado yupo Jumapili, na kwamba mikimbio 30 ya haraka, inayokupa makofi katika mechi ya siku moja, huko inakupa lawama, kwa sababu umetoka ukaiacha timu na siku mbili mbele yake.

Mwaka huohuo Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilianzisha Kombe la Mabara kwa nchi zisizo na hadhi ya Testi. Mechi zake zilihesabiwa za daraja la kwanza. Kenya ikawekwa kundi moja na Uganda na Namibia, ikafika nusu fainali iliyochezwa Abu Dhabi. Lakini hapo nyumbani palikuwa pameshawaka. Wachezaji na viongozi wao walikuwa wakivutana kuhusu malipo, wachezaji wengi wakubwa wakagoma, na Kenya ikapeleka Abu Dhabi kikosi kichanga ambacho hakikuwa na lake mbele ya Scotland. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Odumbe alikuwa amefungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wachezesha kamari. Mwaka mmoja tu baada ya Durban.

Mwaka 2005 mambo yalitulia kidogo, na Kenya ikafika fainali ya kombe hilo mjini Windhoek, Namibia, kucheza na Ireland kwa siku tatu. Hiyo ndiyo mechi ninayowasimulia wanaodhani kriketi ndefu ni usingizi. Kenya ilianza kupiga, ikavuka mikimbio 400. Tikolo peke yake alivuka 150, akipiga kama mtu aliyekuwa anamwonyesha mdogo wake namna ya kufunga mlango. Katika mechi ya siku moja hapo ungekuwa umeshinda. Ireland wakapiga, na wakiwa bado nyuma yetu, wakatangaza wameacha. Walikubali kubaki na deni ili wapate muda. Kenya ikarudi kupiga mara ya pili, na hapo ndipo pengo letu likaonekana. Hatukujua tuharakishe au tukae. Tukaanguka kwa mikimbio michache, Ireland wakapiga iliyobaki na kutwaa kombe kwa wiketi sita. Tulishinda nusu ya kwanza ya mechi, tukashindwa katika ile ya pili, nusu ambayo hatukuwa tumezoea kuicheza.

Mwaka jana nilimtembelea mong'ina mmoja, bibi mzee anayeuza ndizi Daraja Mbili tangu enzi za mama yangu. Shamba lake liko mteremkoni, si kubwa, na anafahamu kila shina lake. Alinionyesha shina moja lililobeba mkungu mzito, umeinama karibu kugusa majani yaliyokaushwa chini. Pembeni yake kulikuwa na mgomba uliofika kifuani, na pembeni ya huo chipukizi lenye urefu wa goti, majani yake bado membamba kama mikuki. Mama, binti, mjukuu, akasema. Machipukizi mengine yote huyang'oa. Mama akishazaa mkungu anakatwa, hazai tena. Lakini binti anakuwa yuko njiani, na mjukuu nyuma yake, kwa hiyo shina halikauki na soko halikosi ndizi. Akaniambia kuna watu wa mjini wanaonunua vijishamba, wanapanda migomba, wanafurahia mkungu wa kwanza, na baada ya hapo wanashangaa mbona shamba limekufa. Hawakuacha binti.

Timu ya 2003 ilikuwa mkungu ule. Binti hakuwepo. Tikolo alizaliwa 1971, na miaka minane baada ya Durban alikuwa bado ndiye tegemeo katika Kombe la Dunia la 2011, akiwa na miaka 39. Katika mechi yetu ya kwanza ya kombe hilo, mjini Chennai, New Zealand walitutoa wote kwa mikimbio 69, kisha wakaifikia idadi hiyo bila kupoteza hata wiketi moja. Tulishindwa mechi zote sita.

Palikuwa na majaribio ya kujenga msimu, nami nisingependa juhudi za waliojaribu zisahauliwe. Mwaka 2011 yalianzishwa mashindano ya Afrika Mashariki yaliyokutanisha timu za Kenya na Uganda, zenye majina ya kuvutia: Coast Pekee, Rift Valley Rhinos, Nile Knights, Rwenzori Warriors. Yalikuwa ya ova 20 na ova 50. Ya siku nne hayakuwemo, na huku kwetu kusini mwa Nyanza hayakufika. Kenya iliendelea kucheza Kombe la Mabara hadi ule msimu wa 2011–2013, na ule uliofuata haikuwemo tena. Januari 2014, baada ya kushindwa kufuzu huko New Zealand, ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Mwaka 2018 ikashushwa daraja tena nchini Namibia, na katika majuma yaliyofuata nahodha, kocha na mkuu wa chama cha kriketi wote wakajiuzulu. Wenzetu wa 2005, Ireland, walipewa hadhi ya Testi mwaka 2017 pamoja na Afghanistan. Nchi zote mbili zilikuwa zimejenga mashindano yao ya ndani ya siku kadhaa, na mwaka huohuo mashindano hayo yakaanza kuchezwa kwa hadhi ya daraja la kwanza.

Linaloniuma zaidi ni Bangladesh. Aprili 1997, mjini Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh zilikutana katika fainali ya ICC Trophy. Tikolo alipata 147. Mvua ikaingilia, hesabu zikabadilishwa, na Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa. Mpira mmoja ndio uliokuwa baina ya nchi hizi mbili. Na kwa miaka kadhaa baada ya hapo sisi ndio tuliokuwa tunawafunga mara kwa mara. Lakini Bangladesh walipokuwa wakiisubiri hadhi ya Testi, waliyoipata Juni 2000, walianzisha ligi ya taifa ya mechi ndefu, na hawakuiweka Dhaka peke yake. Waliigawa kwa mikoa: Chittagong, Khulna, Rajshahi, Sylhet, Barisal. Walipigwa vibaya sana miaka ile ya mwanzo. Ushindi wao wa kwanza wa Testi ulikuja Januari 2005, na kwa muda wote huo dunia iliwaona kama wamepewa kiti kisichowatosha. Wakaendelea na ligi yao. Kutoka Magura, mji mdogo wa mashambani, akatokea kijana akaichezea Khulna, kisha taifa. Anaitwa Shakib Al Hasan, na kwa miaka mingi alikuwa anatajwa kuwa bora duniani miongoni mwa wanaopiga na kurusha. Nchini mwetu, mtoto wa namna hiyo akizaliwa Ogembo au Keroka, ataionea wapi kriketi?

Nimesikia ikisemwa kwamba sisi Abagusii ni watu wa kandanda na riadha, basi. Kandanda kweli tunaipenda. Shabana iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 nje, uwanja wa Gusii ulijaa kama siku ya Krismasi sokoni. Na riadha imo damuni: Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000 za Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na Naftali Temu ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000, Mexico 1968. Lakini hakuna anayezaliwa na mchezo. Mbio zilikuwa na ngazi: shule, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Mtoto alikuwa anajua akishinda leo atapelekwa wapi kesho. Raga, magongo na mpira wa kikapu vimefika katika shule zetu za sekondari kwa sababu vimo katika kalenda ya michezo ya shule na gari la shule linajua njia. Nilisoma sekondari hapahapa, miaka minne, sikuona bati.

Uganda walilielewa hilo. Busoga College Mwiri, karibu na Jinja, imefundisha kriketi kwa vizazi, na shule zao hukutana kila mwaka kwa wiki nzima ya mashindano. Mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20, nchini Guyana ikaishinda Papua New Guinea, na mkongwe Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, akarusha ova nne akaachia mikimbio minne tu. Kenya ilikuwa kwenye mashindano yaleyale ya kufuzu mjini Windhoek, na ilirudi nyumbani bila kufuzu. Laikipia nako, vijana wa Kimaasai wa Il Polei walijifunza kriketi kwenye ardhi kavu, wakicheza wakiwa wamevaa shuka zao, na mwaka 2013 walifika Uingereza kucheza. Kama mpira ule mwekundu umeweza kudunda Laikipia, utadunda popote.

Kikwazo chetu cha kweli ni ardhi, na sijaona wakubwa wa michezo wakikitaja. Kipande cha katikati wanapopigia kina urefu wa mita 20.12. Kutoka hapo hadi kamba ya mpaka, kwa mechi kubwa, ni mita 60 au zaidi kila upande. Uwanja mzima hula zaidi ya ekari tatu. Huku Gusii familia nyingi hazina hata ekari moja, na hiyo nayo imegawiwa wana. Ekari tatu tambarare ni urithi wa kaka wanne, na kesi mahakamani. Mahali palipobaki ni shuleni. Ningekuwa na sauti katika serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, ningeomba uwanja mmoja tu kila kaunti, wenye kipande cha saruji katikati kilichotandikwa mkeka, ambao mvua yetu haiwezi kuuharibu. Na ningewaomba wenye kriketi Nairobi watuletee mechi za siku mbili za wanafunzi, zikue zifike tatu, zifike nne, Kisii, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Mombasa, timu zikitembeleana. Wasituletee tamasha la wikendi moja lenye fulana na vipaza sauti.

Jumatano moja mwezi uliopita, siku isiyo ya soko, nilikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi moja si mbali na Daraja Mbili. Nilikuwa na futi ya fundi na vijiti viwili. Nikapima mita 20.12, nikachomeka kijiti kila mwisho, kisha nikaanza kuhesabu hatua kuelekea pembeni. Upande wa chini nilifika 60 bila shida. Upande wa juu, kwenye hatua ya 51, nikagota kwenye ua wa jirani na nyasi zake za ng'ombe. Nilipogeuka, wavulana saba au wanane walikuwa wamesimama wakinitazama kwa wasiwasi.

"Mzee, hapa panauzwa?" akauliza mkubwa wao.

Nikawaambia hapauzwi, napima uwanja wa mchezo. Nikawaonyesha mpigaji anasimama wapi na mrushaji anatokea wapi. Mmoja akang'oa kipande cha ubao uani, mwingine akavingirisha mpira wao wa karatasi za nailoni. Walicheza dakika kumi hivi, wakapiga kelele kila ubao ulipougusa mpira, hadi matone makubwa ya mvua yakaanza na tukakimbilia chini ya upenu wa paa la darasa. Wakaniuliza mchezo kamili ni wa dakika ngapi. Nikasema ni siku nne. Wakacheka wote, isipokuwa mdogo mmoja aliyekuwa ameshika mpira kifuani usilowe. Alifikiri kidogo, akauliza:

"Na usiku, mpira unalala na nani?"

Nikamwambia unalala na waamuzi, nao wanaurudisha asubuhi, na mchezo unaendelea pale ulipokuwa umeachwa.